Baa Laingia Faza

Mwaka ule, katika hamsini na kitu, Serikali iliitangazia nti nzima ushindi mkubwa: vinywaji vya nafuu vimepigwa marufuku ndani ya baa. Chanzo, tulielezwa, ni Mombasa. Huko baa zilianza kumpa mteja chupa ya pili kwa nusu bei, na makarani wakawa hawaonekani kazini hadi kesho kutwa. Basi sheria ikatungwa kwa sababu ya makarani, ikatumwa Faza kwa wavuvi.

Aliyeileta ni Bwana Jeilani, Mkaguzi wa Nafuu za Vinywaji. Alishuka chomboni Alasiri, akatafuta baa mji mzima asiione. Na mkubwa hawezi kurudi kwa wakubwa wenziwe mikono mitupu. Akasimama barazani kwa Bi Batuli, mjane aleaye wanawe kwa birika la kahawa. Ada ya Bi Batuli ni hii: kikombe cha kwanza walipa, cha pili hidaya.

"Hii ni baa," akasema Mkaguzi.

"Baa, mimi? Bwana, hata sukari sitii!"

"Watoa nafuu. Kesho nafunga."

"Na wanangu wale nini, hiyo sheria?"

"Sheria haina kifungu cha watoto."

Akamwamuru Obeid, mpiga mbiu, atangaze: "Baa imeonekana Faza." Obeid ni mtu wa lugha. Kwetu baa ni janga, na janga halisemwi hivyo. Akamsitiri Mkaguzi kwa kumrekebishia sarufi: "Baa limeingia Faza! Limeingia Alasiri!"

Baa likiingia mji, twajua la kufanya. Huzungushwa ng'ombe kwa dua hadi litoke. Sheikh Badawi akauliza tu, "Alasiri aliingia nani?" Watu wakatazamana.

Asubuhi ng'ombe akasimamishwa mlangoni mwa nyumba alimolala Mkaguzi. Akatoka na koti lake, uso umemnawiri.

"Sijaona watu wapendao sheria kama nyinyi!"

"Baa litoke leo, Bwana?" akauliza Sheikh.

"Leo hii! Naamuru!"

Tukateremka na Mkaguzi pwani, ng'ombe mbele, kwa kasida. Sheikh akaomba, "Ya Rabbi, baa hili liondoke, lisirudi." Mkaguzi akainua mikono, Amina yake ilizishinda zetu zote. Vijana wakambeba begani kwa heshima, asilowe viatu, wakamtia chomboni. Nahodha akang'oa nanga.

"Ngojeni!" akapiga ukelele. "Na yule mama wa kahawa sijamfunga!"

"Baa limeshatoka, Bwana," akajibu Sheikh. "Na Amina umeitikia mwenyewe."