Miaka Mitano ya Kulea Mteremko

Jumamosi, 3 Mei

Nimekuwa mlezi wa msitu! Hifadhi imetugawia sisi tuliojitolea mteremko ulioungua, ule wa juu ya chemchemi, kila mtu kipande chake. Kazi ni kupanda miche ya miti ya asili na kuilea miaka mitano. Bure. Nilitia sahihi wa kwanza, mhifadhi hata hajamaliza kueleza. Mama mkali kidogo yule, lakini atanitambua.

Nyumbani mke wangu hakucheka. Akanikumbusha kwaya, niliyoiacha. Tarumbeta, niliyoiacha. Nyuki, walioniacha wao. Kisha akasema, huku anakunja nguo, "Na hili ukiliharibu, sitakuamini tena. Kwa lolote." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Nikala kiapo.

Kipande cha jirani kapewa shemeji, kaka yake mke wangu, fundi saa. Watu wote hawa duniani, yeye!

Jumatano, 7 Mei

Miche haikui. Nimekwenda asubuhi, nimekwenda jioni, urefu ule ule. Nikang'oa mmoja nione kama umeshika mizizi. Ulikuwa umeanza. Nikang'oa na mingine, kuhakikisha. Nikairudisha ardhini kwa heshima zote.

Shemeji alikuwa amekaa juu ya jiwe, anakula yai la kuchemsha. Akaniambia haraka haraka haina baraka. Nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Akamenya yai lingine.

Jumapili, 11 Mei

Miche yangu imekauka. Si yote, ni ile niliyoikagua tu, yaani karibu yote. Ya shemeji ina majani mapya, naye anapita akipiga mluzi. Mke wangu kauliza miche yaendeleaje. Nikasema yaendelea.

Sasa basi. Fundi cherehani wa mtaani kwetu ana mmea unaotambaa uani kwake, maua ya manjano, haujui jua wala ukame. Analalamika kwamba akiukata leo, keshokutwa umerudi na ukoo wake. Nikamwomba vipande vya kupanda. Akanijazia gunia, akaniongezea la pili bila kuombwa. Wakarimu bado wapo.

Jumapili, 8 Juni

Kijani tupu! Kipande changu chote kimefunikwa. Wenzangu wakipita wanaduwaa. Shemeji akauliza mmea gani huu, nikasema siri ya kazi. Tawi moja limevuka mpaka, limeukumbatia mche wake. Nikamwambia asijali, ni ujirani mwema.

Mke wangu kaja kuona. Alikizunguka kipande chote, akasema, "Kumbe ukiamua unaweza." Akanishika mkono mbele ya kaka yake! Sikumbuki lini mara ya mwisho nilifurahi hivi.

Jumamosi, 21 Juni

Ukaguzi. Balaa tupu.

Mhifadhi aliinama, akavuta tawi. Likaja. Akavuta tena, likazidi kuja. Chini yake kila kitu kilikuwa kimenyongwa, pamoja na nusu ya miche ya shemeji. Akasema hili ni gugu la bustanini, na likiteremka hadi chemchemini watu wa bondeni watakosa maji. Akauliza nani kalipanda. Nikafungua kinywa niusingizie upepo.

Wakati huo huo mke wangu ndiyo kwanza anafika, kavaa nguo yake ya sherehe. Alisikia swali tu.

"Ni mume wangu," akasema kwa fahari. "Kwa mikono yake mwenyewe."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mhifadhi hakunifukuza, afadhali angenifukuza. Ameagiza niling'oe gugu lote kwa mkono, langu na lililoingia kwa shemeji, mzizi kwa mzizi, maana kikibaki kipande kinachipua. Nisipande tena hata unyasi. Akasema miaka mitano huenda isitoshe.

Njiani mke wangu alitangulia. Nikajaribu mzaha, hakugeuka. Nimeona haya mpaka nimekosa hamu ya chakula.

Jumatatu, 23 Juni

Nimeng'oa tangu asubuhi. Nimesafisha pa kutandika mkeka mmoja. Mgongo wangu, jamani! Shemeji kaja kunisaidia, hakunisimanga hata kidogo, na hilo nalo linaudhi.

Jioni mke wangu akauliza kama kesho nitarudi. Nikasema nitarudi. Akaniwekea maji ya moto nikande mgongo. Aliniwekea! Bado nina nafasi, na safari hii siichezei. Dawa ni subira. Nimeelewa sasa. Subira.

Jumanne, 24 Juni

Shangazi ana mbuzi, kundi zima, na wanakula chochote! Tumeshakubaliana, anawaleta kesho asubuhi kabla shemeji hajafika. Miche yake iliyosalia nitawaelekeza waikwepe. Mhifadhi alikataza kupanda. Kulisha hakukutaja kabisa. Kufika adhuhuri mteremko utakuwa safi, na mke wangu ataona mwenyewe jinsi nilivyobadilika.