Mabati ya Baba na Kura ya Mwiko

Jumamosi, 31 Agosti 1991

Kesho kura! Chama chetu cha nyumba hapa Gitega kimenunua mabati ya kuezeka nyumba moja. Moja tu kwa mwaka, na kura ndiyo inayoamua ya nani. Ndiyo haki, wanasema. Paa langu linavuja tangu Baba afariki. Lakini fundi cherehani wa mtaa ni nani? Mimi, Usumani. Na nani kaombwa akate vitambaa vya kura na kudarizi majina? Mimi! Wote nimewakatia kaki. Changu ni mahameli, rangi ile ile. Mkono utaingia kapuni, utapapasa, utatulia penye ulaini.

Baba angecheka. Au angenichapa. Alitoka Ujiji na cherehani yake, akajenga nyumba hii kwa mikono yake. Siku zile hapakuwa na chama. Paa likivuja, majirani walipanda, wakashuka, wakanywa chai ya tangawizi barazani. Nazikumbuka mpaka kifua kinauma.

Jumapili, 1 Septemba

Mwiko! Mama Mukandekezi, prezida wa chama chetu, kaja na mwiko wa ugali. Eti mkono unaweza kuchagua, mwiko hauwezi. Akakoroga kapu, akachota. Scovia muuza mkaa! Vigelegele. Mahameli yangu ikabaki chini kabisa, laini bure.

Jirani yangu Silvère naye kakosa, mwaka wa tatu sasa. Akanipa pole huku anacheka. Mtu gani huyu anakosa na kucheka?

Jumanne, 3 Septemba

Nimepata njia. Chama kina mabati ya akiba, kwa mwanachama aliyeezuliwa paa na upepo. Misumari ya paa langu ililiwa na kutu zamani, ni mawe tu yanayolishikilia. Nikiyashusha, upepo wa mvua za kwanza utamaliza kazi. Huo si wizi. Ni kumpisha upepo.

Nimeyashusha yote, nikayapanga vizuri uani. Silvère akauliza kutoka upande wake nafanya nini. Nikamwambia napumzisha paa. Akasema vizuri, na lenyewe limechoka.

Ijumaa, 6 Septemba

Upepo! Alasiri, niko kwenye cherehani. Kishindo, kisha mwanga tele sebuleni. Bati limepaa! Nikashangilia. Halafu nikasikia vigae vya Silvère vikivunjika. Yarabi! Bati la Baba limetua juu ya chumba wanacholala watoto wake. Walikuwa bombani kuchota maji, alhamdulillahi.

Komite ya chama ikaja kukagua. Mama Prezida akayaona mawe uani, yamepangwa safi, na kikombe changu cha chai juu yake. Akaamua akiba yote iende kwa Silvère, mimi nijitafutie misumari. Haki tupu. Leo naichukia haki.

Jumamosi, 7 Septemba

Nafungua mlango, nani? Silvère, na ngazi, na bati la Baba amelinyoosha kwa nyundo. Ihangane, akaniambia, yaani nivumilie, kama vile mimi ndiye niliyevunjiwa! Kisha akaligeuza na kuuliza hii mistari ni ya nini.

Chaki ya fundi. Ya bluu, imefifia, upande wa ndani ambako mvua haikufika. Baba alilipima bati kama suruali. Hata nafasi ya pindo kaacha! Nikaiona mikono yake. Nimelia mbele yake na ya majirani waliokuwa wamefika, sikujificha.

Mama Prezida akashika ngazi. Scovia akaleta misumari. Wakapanda, wakashuka, wakanywa chai ya tangawizi barazani. Silvère alikunywa vikombe vingi na kumsifu Baba, ambaye hakuwahi kumwona.

Jumapili, 8 Septemba

Mvua. Linavuja kidogo, penye pindo la Baba. Nimeweka sufuria. Sina haraka na mabati mapya tena.

Nimemtazama Silvère kupitia dirisha. Akiba haikutosha, nusu ya paa lake ni bati na nusu ni vigae, kama suruali yenye kiraka. Wala halalamiki. Nimeona aibu. Nimeapa kuacha hila, mimi na hila basi.

Ila kura ya mwakani lazima ashinde yeye. Mtu mwema hivi haachiwi bahati. Kitambaa chake nimeshakikata, cha mahameli. Na mwiko wa Mama Prezida nitauficha mwenyewe.