Bahari Yatazamwa Rasmi

Wananchi wote wa Malindi na vitongoji vyake waliarifiwa, kwa tangazo lililobandikwa posta, sokoni na kwenye mlango wa choo cha stendi, kwamba Jumamosi saa nne kamili asubuhi bahari ingetazamwa rasmi. Kutazamwa huko kungefanyika kwa kukimbia. Mbio zilipewa jina la Marathoni ya Mandhari, nazo zingefuata mchanga wa pwani kutoka Malindi hadi Mayungu na kurudi. Kamati iliona kilomita arobaini na mbili ni kipimo cha kigeni, ikazipunguza hadi ishirini.

Tangazo lilitiwa saini na Bwana Simeon Thuku, Afisa wa Mbio na Mandhari. Bwana huyu alikuwa amevumilia jasho la Malindi miaka sita, tai shingoni, na sasa alitaka kurudi kwao Nyeri kwenye baridi. Alitaka sana, hata akilala aliota sweta. Barua yake ya uhamisho ilikuwa tayari, imekosa saini moja tu, na mwenye saini hiyo ndiye aliyealikwa kuwa mgeni rasmi: Mheshimiwa mmoja mzito kutoka wizarani Nairobi. Mbio zikifana, Mheshimiwa angefurahi, akifurahi, angesaini. Kwa hiyo Thuku alipanga kila kitu mwenyewe.

Majuma mawili kabla ya siku yenyewe alikwenda kupima njia. Alikwenda saa nne, baada ya chai ya ofisini, akakuta mchanga mpana hata ndege ingeweza kutua. Papo hapo akaamuru jukwaa lijengwe katikati yake.

Karani wake, Abdulghani, mtu wa Malindi tangu babu zake, alikohoa kidogo.

"Bwana Thuku, saa ile maji yalikuwa yamekupwa. Na Jumamosi hiyo ni bamvua tena, maji hujaa kupita siku zote. Ikifika alasiri, hapo penye jukwaa watapita samaki."

"Ratiba inasema saa saba tutakuwa tumemaliza."

"Inshallah. Na mgeni akichelewa?"

"Hayo maji kujaa yako kwenye faili gani?"

"Hayamo kwenye faili, bwana. Yajulikana tu."

Thuku alimweleza kwa upole kwamba jambo lisilo na faili haliwezi kuzuia shughuli ya serikali, akamwagiza aandike katika kumbukumbu kuwa suala la bahari limejadiliwa na kufungwa.

Jumamosi ilipofika, saa nne kamili, wakimbiaji hamsini na wawili walijipanga kwenye mstari. Mgeni rasmi hakuwapo. Mbio haziwezi kuanzishwa bila mgeni rasmi, basi wakasimama. Saa tano ilipopita, Mbeyu, mkimbiaji wa kike na mwalimu wa shule ya msingi aliyetoka Kaloleni, alimfuata Thuku.

"Bwana Afisa, miguu yaganda. Twaomba tukimbie kidogo, tupashe mwili moto."

"Kidogo kiasi gani?"

"Hadi Mayungu na kurudi."

Thuku alipekua kanuni zake. Mazoezi hayakukatazwa popote. Wakaondoka wote, na kwenye saa saba Mbeyu akarejea wa kwanza, kawaacha wanaume nyuma wanahema. Kila aliyefika alikunywa maji, akarudi kujipanga kwenye mstari, kwa sababu rasmi hapakuwa na mtu aliyekwisha kukimbia.

Mheshimiwa aliwasili saa nane u nusu, ameshakula pilau njiani Kilifi. Kabla ya kuanzisha mbio alikuwa na hotuba ya kurasa kumi na tisa juu ya uzuri wa pwani yetu. Jukwaa lilielekezwa bara, walikokuwa wananchi, hivyo wakubwa wote walikaa wameipa pwani yetu mgongo.

Alipofika ukurasa wa tano, wananchi walirudi nyuma hatua mbili. Ukurasa wa nane, hatua sita. Mheshimiwa alidhani hawamsikii, akapaza sauti. Thuku, aliyekaa kiti cha mwisho kabisa, alihisi soksi zake zinaanza kuwa baridi, baridi ya kwanza kuipata tangu aje Malindi. Lakini mtu hasimami mgeni rasmi akihutubia, hasa mtu mwenye barua mfukoni. Aliandika kikaratasi, "Mheshimiwa, bahari inakuja," akakipitisha mbele kwa kufuata vyeo. Kila mkubwa alikisoma, akatia saini pembeni kuthibitisha kuwa amekiona, kisha akampa aliye juu yake. Kilipomfikia Mheshimiwa kilikuwa na saini tisa, na maji yalikuwa magotini. Yeye alidhani ni nyongeza ya hotuba.

"Na mwisho," akasoma kwenye kipaza sauti, "Mheshimiwa, bahari inakuja."

Wananchi walipiga makofi, hasa wale waliokwisha kupanda juu ya ukuta wa ufuoni.

Wimbi lililofuata lilichukua viti. Mheshimiwa hakujua kuogelea, na jambo hilo alilitangaza kwa kirefu. Mbeyu aliingia majini akambeba mgongoni, na wakimbiaji wengine wakawaopoa wakubwa waliobaki bila kufuata vyeo. Thuku alijitoa mwenyewe, barua yake ameiinua juu ya kichwa.

Nchi kavu alikuwapo mtangazaji wa redio. "Mheshimiwa, imekuwaje?"

"Huu ulikuwa ukaguzi," akajibu Mheshimiwa, angali mgongoni mwa Mbeyu. "Huwezi kuisimamia bahari ukiwa ofisini. Lazima uingie. Mambo haya mimi ni mtaalamu wake wa siku nyingi."

Thuku akasogeza barua na kalamu. Mheshimiwa alimtazama kwa jicho baya, akasema atasaini akifika Nairobi. Mbeyu alipewa kombe kwa kazi nzuri ya ubebaji. Kuhusu mbio, kamati ilithibitisha kwamba hakuna aliyekimbia.

Thuku alikosa hamu ya kula siku tatu. Alijua ile saini ndiyo imekwenda.

Lakini maneno ya redio yalifika Nairobi, yakasikiwa na wakubwa wa Mheshimiwa, nao walifurahi kugundua wanaye mtaalamu. Baada ya wiki tatu gari la serikali lilisimama mbele ya ofisi ya Thuku, likashusha masanduku mawili, godoro na Mheshimiwa mwenyewe, aliyeteuliwa kuwa Mkaguzi Mkuu wa Maji Kujaa na Kupwa, kituo chake Malindi, muda usio na kikomo. Madaraka ya kusaini uhamisho yalibaki Nairobi na mtu mwingine. Akapewa meza ya pili katika chumba kile kile, upande usio na dirisha.

Asubuhi nzima alijipepea kwa jalada. Kwenye saa sita, shati limemnata mgongoni, alivuta kiti chake hadi kwenye meza ya Thuku, akateremsha sauti ili Abdulghani asisikie.

"Bwana Thuku," akasema, "ile barua yako ya uhamisho. Hivi uliianzaje?"