Mwangwi Ulioomba Msaada

Jumanne, tarehe 4 Januari

Dada, leo naanza shajara hii na naapa kukuandikia kila kitu, hata yale yatakayonionyesha mjinga. Ikijaa nitaitia posta uisome huko chuoni. Mwalimu wa lugha anasema shajara ya kweli haichagui mambo. Basi sichagui.

Jambo la kwanza: nimeingia kundi la mbio za mlimani! Mama alikataa kabla ya chakula, akakubali baada ya kula, kwa sharti kwamba Mjomba awe karibu nami muda wote. Mjomba hakuulizwa. Alikuwa anatafuna.

Tunakimbia Jumanne na Alhamisi, giza likiingia, na majira haya ya baridi giza halina subira. Kila mtu huvaa taa kwenye paji la uso. Njia ni nyembamba, kwa hiyo tunafuatana mmoja mmoja. Wa mbele huitwa Kichwa, wa mwisho Mkia. Kichwa ndiye anayechagua njia. Haruhusiwi mtu kumpita wala kubishana naye, kwa sababu watu wakibishana gizani kila mmoja ataishia kwenye korongo lake. Hayo yalielezwa na kiongozi wetu, Daktari wa Meno, kwa upole uleule anaoutumia kabla ya sindano.

Kwenye kila kona tunasimama, kila mtu anataja jina lake la mlimani na kusema yupo. Mimi nimeitwa Birika, kwa ajili ya namna ninavyopumua tukipanda. Sikuulizwa.

Alhamisi ya wiki ijayo ni mbio za kufunga msimu, hadi kibanda cha walinzi wa msitu. Safari hiyo Daktari humpa kijana mmoja nafasi ya Kichwa. Dada, naitaka nafasi hiyo! Wewe unajua. Kwenye kwaya nipo nyuma. Kwenye foleni nipo nyuma. Kwenye picha ya darasa mimi ni kiwiko.

Kizuizi ni kimoja: Swala, wa darasani kwetu, binti wa mwokaji mikate, ambaye naye yumo kundini. Anakimbia huku anaongea! Leo alinisubiri kila kona na kuniuliza kama niko salama. Uchokozi mtupu.

Jumatano, tarehe 5 Januari

Mazoezi. Nimepanda na kushuka ngazi za jengo letu nikiwa na kamusi zote ndani ya mkoba. Fundi cherehani wa ghorofa ya pili aliona nashuka, akaniomba niteremshe taka zake. Bibi wa ghorofa ya nne aliona napanda, akanipa gunia la viazi. Habari zikaenea. Hadi jioni nilikuwa nimehudumia jengo zima, na watu walimsifu Mama kwa malezi bora. Mama akashangaa sana.

Magoti yamekataa kukunjika.

Alhamisi, tarehe 6 Januari

Mkakati wa pili: kupendwa na Daktari. Nilipiga mswaki mara mbili kabla ya mbio, na kila aliponiangalia nikatabasamu kwa meno yote. Alinitazama, akasogea, akaielekeza taa yake mdomoni mwangu. Akasema Jumamosi asubuhi nifike kliniki, kuna jino halimpendezi.

Swala aliniambia nisiogope, kwamba hata yeye alizibwa jino na hakulia. Nani alimuuliza?

Jumamosi, tarehe 8 Januari

Nimezibwa jino. Nililia.

Lakini si bure! Nikiwa nimeachama, pamba zimejaa mdomoni, Daktari alipiga soga na msaidizi wake. Akamwambia kwamba Jumanne, baada ya kona ya mwisho, atatuachia vijana tukimbie tunavyoweza, na atakayegusa mlango wa kibanda kwanza ndiye Kichwa wa Alhamisi. Nikasema, "Aaah!" Akadhani naumia, akaongeza ganzi.

Nimerudi nyumbani shavu likiwa kama la mtu mwingine, lakini moyo unacheza.

Jumatatu, tarehe 10 Januari

Kutoka dirisha la darasa letu mlima unaonekana wote. Njia yetu inazunguka kama utepe uliodondoka. Kibanda kiko juu kabisa. Na katikati, kupitia misonobari, kuna mwanya ulionyooka kabisa! Nimeupima kwa rula kwenye kioo. Mwalimu wa hesabu aliuliza nafanya nini. Nikasema hesabu. Si uongo.

Shida ni zile kona. Nikikata njia, nani atasema yupo kwa niaba ya Birika?

Nimepata! Nimejirekodi kwenye simu ya Mjomba nikisema, "Birika, nipo!" kwa sauti changamfu. Nimeifanya kengele ya kuamsha, ilie tena na tena. Kesho simu itakuwa mfukoni mwake kama kawaida, na yeye hukimbia nyuma yangu miwani ikiwa imejaa mvuke. Haoni hata mkono wake.

Najivunia. Wazo kama hili halifundishwi shuleni.

Jumanne, tarehe 11 Januari

Niliapa kuandika kila kitu. Haya.

Nilichomoka kabla ya kona ya tatu na kuzima taa. Mwanya uliokuwa umenyooka kwenye kioo haukuwa umenyooka msituni. Nikapanda, nikateleza, nikapanda kichaka ambacho hakikuwa mlima. Kisha miguu yote miwili ikaingia kwenye matope ya kijito, hadi magotini. Matope ya baridi, Dada! Yanashika kama mtu anayekudai maelezo.

Juu yangu nikasikia kundi limesimama. Swala yupo. Mwokaji yupo. Mjomba yupo. Halafu nikajisikia mimi mwenyewe, huko juu, nikisema kwa furaha kubwa, "Birika, nipo!"

Nikapiga kelele kwamba sipo.

Mwokaji akasema ni mwangwi, mlima huu una mwangwi mzuri sana. Swala akamwambia, "Baba, mwangwi hurudia, hauongezi maneno." Nikapiga kelele tena, nisaidieni, nimezama! Mwokaji akasema eh, mwangwi gani huu unaoomba msaada? Hapohapo mfuko wa Mjomba ukajibu, "Birika, nipo!" Mjomba akaruka, akaanza kuupiga mfuko makofi na kuuamuru utoke. Akaambiwa atulie, ni simu. Akasema simu yake haijawahi kuwa na sauti ya mpwa wake.

Swala ndiye aliyeshuka. Alinishika mikono, akavuta, nikatoka bila kiatu kimoja. Aliniangalia akacheka hadi taa yake ikatetemeka, na mimi, Dada, sijui kwa nini, nikacheka pia. Mwokaji akacheka. Mjomba akacheka huku bado anaupiga mfuko.

Daktari hakucheka. Alinifunika kwa koti lake, kisha akasema taratibu kwamba mlimani mtu akisema yupo, wenzake wanaacha kumtafuta. Nililia kidogo, na safari hii ganzi isingesaidia.

Mashindano ya kibanda yalivunjika. Swala ndiye Kichwa wa Alhamisi. Mimi ni Mkia.

Nyuma. Tena.

Alhamisi, tarehe 13 Januari

Dada! Dada! Dada!

Wacha nitulie. Mwalimu anasema tuanze mwanzo.

Daktari alinipa filimbi na akasema kazi ya Mkia ni kuhakikisha hakuna anayebaki nyuma yake. Niliondoka nimenuna. Kisha tukaanza kupanda, nikainua kichwa, nikaona taa zote mbele yangu zikijipinda na kupanda, kama mlima umevaa mkufu na unautingisha. Kichwa hauoni mkufu huo. Niliacha kununa bila kukusudia.

Karibu na kibanda ukungu ukashuka, mzito kama blanketi. Chini ya miguu njia ilikuwa barafu tupu. Mahali penyewe pembamba, watu wawili hawapishani. Daktari akapaza sauti kwamba imetosha, hatuendi mbele, kila mtu ageuke papo hapo aliposimama.

Wakageuka. Taa zote zikanimulika usoni.

Sikuelewa hadi niliposikia sauti ya Swala kutoka mwisho wa mstari, "Birika! Ongoza bwana, tunaganda!"

Mimi! Kichwa!

Nilishuka kama nimepewa miguu mipya. Nilichagua jiwe hili, si lile. Nilisema kulia, wakaenda kulia, watu wazima, hata Daktari! Kila kona nilisimama na kuita, na kila mmoja alijibu kwa mdomo wake mwenyewe. Tukatoka msituni, tukapita shule, nikaingia mitaani nikiwa sisikii baridi wala kitu kingine.

Tulikuwa tumepanga kumalizia kwa mwokaji, ambako mikate ya moto ilitusubiri. Nilipita mlango wa mwokaji bila kuuona. Miguu ilikuwa inakwenda inakokwenda kila siku. Hakuna aliyenipita, hakuna aliyebishana, hata mwokaji mwenyewe, aliyepita mbele ya duka lake na kulitazama kwa huzuni. Nilizinduka ghorofa ya tatu, mbele ya mlango wetu, kundi zima likihema kwenye ngazi nyuma yangu.

Mama akafungua. Taa zote zikamwingia machoni. Akauliza ni nani aliyewaleta watu wote hawa saa hizi. Wote wakaninyooshea kidole.

Mama alinitazama. Nikaanza kutafuta maneno ya kujitetea. Akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa mbele yao?" Nikasema ndiyo, Mama. Akaenda kubandika sufuria kubwa ya chai.

Swala akakimbia kuleta mikate. Fundi cherehani akapanda kuja kulalamikia kelele, akapewa kikombe. Nilimsikia Mama jikoni akimweleza kwamba binti yake ndiye aliyewashusha mlimani, ukungu wote ule. Alimweleza mara ya pili ingawa alikuwa ameshaelewa.

Ijumaa, tarehe 14 Januari

Nimekaa na kutafakari, kama tunavyofundishwa. Funzo liko wazi. Kosa langu lilikuwa kutaka kwenda mbele kwa kupitia mbele. Msimu ujao nitaomba mwenyewe kuwa Mkia. Nitaanza mapema kukimbia polepole ili pasiwe na mpinzani.

Ukungu hauaminiki, huenda usishuke tena, kwa hiyo nimeanza kujifunza sauti ya Daktari. Leo nimefanya mazoezi bafuni. Nilisema, "Geukeni!" na Mjomba, aliyekuwa anapita ukumbini, akageuka akarudi chumbani kwake. Dalili njema sana! Lakini Swala ana masikio makali, lazima iwe sahihi.

Dada, wewe alikung'oa jino, ulimsikia kwa karibu kuliko mimi. Naitia shajara posta leo hii, nijibu upesi kwa posta itakayorudi: Daktari akitoa amri, sauti yake hutokea puani au kooni?