Dimbwi Nililolipima kwa Kiuno Changu

Jamani, aibu ya leo imenikuta nimevaa tai.

Ngoja nieleze mwenyewe, maana simu inalia tangu mchana na kila anayepiga anaanza kucheka kabla ya salamu. Dirisha la duka nimelifunga. (Kwa baridi. Si kwa woga.)

Mnanijua, fundi cherehani wa Buterere, mlango wa bluu, baba yake Divine. Na barabara yetu mnaijua, ile inayotoka kwenye mashamba ya mpunga kwenda zahanati. Tunaiita barabara kwa heshima tu. Katikati yake, mbele kabisa ya duka langu, kuna dimbwi. Mvua ikinyesha, lipo. Kiangazi kikiingia, maji ya mpunga yanalijaza, lipo. Bata wa jirani wamezaa pale, wakalea, na sasa wajukuu wanaogelea. Mwezi wa nne mke wa fundi baiskeli alishikwa na uchungu, wanaume wanne wakambeba kwenye kiti, na wawili wakateleza humo humo. (Mtoto mzima. Kiti hakikupona.)

Sasa tukasikia kwamba kabla ya mvua kubwa komini, yaani serikali yetu ya hapa, itatengeneza barabara moja. Moja tu! Ni sisi au wale wa mtaa wa nyuma. Mkuu wa mtaa akaitisha mkutano, akasema barua inatakiwa, na haraka.

"Fundi aandike," akasema Mama Gloria. Huyu ni yule mama wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, anayeuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, upande wa pili wa barabara. "Fundi iko na mukono muzuri."

Mtu akisifiwa na Mama Gloria mbele za watu, analewa. Nikaandika kurasa tatu. Nikaandika habari za wagonjwa, za wanafunzi, za mama wa kwenye kiti. Nikawashambulia "baadhi ya wakazi wasio na ustaarabu ambao hutupa taka mtaroni." Nilipofika kwenye kina cha maji, kalamu ikanizidi nguvu. Ikaandika: "Maji hufika kiunoni mwa mwanaume mzima."

Kiunoni! Hayajawahi kupita goti. Lakini niliandika "gotini" kwanza, nikaisoma, nikaona ni malalamiko ya mtu mvivu.

Leo saa tatu asubuhi injenieri wa komini akafika. Tulikuwa tumejiandaa kwa mzee mmoja mwenye kitambi, asiyependa kuchafua viatu, wa kutazama kwa mbali na kusema "sawa, sawa." Kwenye pikipiki akashuka dada mrefu, mabuti ya mpira mpaka magotini, daftari kwapani, na barua yangu mkononi. Imepigwa mistari kwa kalamu nyekundu.

Mimi niko ndani ya suti. Ile ya kijivu, niliyojishonea kwa ajili ya harusi ya shemeji. Asubuhi mke wangu aliniangalia ninavyofunga tai, akauliza, "Baba Divine, unaenda kuonyesha hilo dimbwi ao unaenda kulioa?" Nikamwambia mambo ya serikali yana mavazi yake.

Injenieri akaliangalia dimbwi. Akaiangalia barua. Akaniangalia mimi kuanzia kichwani mpaka miguuni. (Haichukui muda. Mimi ni mfupi.)

"Nani aliandika hii?"

"Ni mimi, madamu."

"Kiunoni?"

"Kiunoni, madamu."

"Kiuno cha nani?"

Mtaa mzima ukageukia dimbwi. Katikati ya dimbwi alikuwepo bata mmoja. Angalau angekuwa anaogelea! Alikuwa amesimama. Amesimama kwa miguu yake, tumbo kavu, anatutazama.

Mkuu wa mtaa akakohoa. "Ni pale katikati, madamu. Pale pana shimo."

"Basi tupime," akasema injenieri, akaanza kunyoosha fimbo yake ya kupimia.

Nikaona barabara yetu inaondoka kwenda mtaa wa nyuma. Nikaona kile kiti. Mdomo ukatangulia akili:

"Apana, madamu! Usijichafue. Mi nitaingia."

Nikavua viatu. Suruali sikukunja, maana mtu anayekwenda kuzama mpaka kiunoni hakunji suruali.

Hatua ya kwanza, kifundo cha mguu. Ya tatu, nusu ya muundi. Bata akanipisha. Nikafika katikati kabisa, nikasimama wima, maji yakafika gotini na yakakataa kuendelea. Nyuma yangu nikasikia kofia ya kalamu ikifunguliwa.

Ndipo shetani akaniambia: kunja magoti.

Nikakunja, jamani. Polepole, kidogo kidogo, uso nimeukunja kama mtu anayejitoa kwa ajili ya taifa. "Mnaona? Yanapanda!" Yakafika mapajani. Nikakunja tena. Yakafika kwenye mkanda. Koti likaelea nyuma yangu juu ya maji, kwa mbali ungesema bata mkubwa wa kijivu amekuja kutembelea wenzake.

"Kiunoni, madamu!"

Injenieri akainama ukingoni.

"Fundi. Magoti yako yako wapi?"

"Chini ya maji, madamu."

"Yamenyooka?"

Mimi ni mtu wa kanisa. Kudanganya mara moja ni udhaifu, mara mbili ni tabia.

"Yamechoka, madamu."

Mama Gloria ndiye aliyeanza. Kicheko chake kinaanzia miguuni, kinapanda, kikifika mdomoni mtaa wa nyuma wanasikia. "Simama, Fundi! Simama tuone!" Watu wote wakadakia: "Simama! Simama!"

Nami nilitaka kusimama! Kwa moyo wangu wote! Lakini matope ya Buterere ukikaa nayo kidogo yanakuzoea, hayataki uondoke. Miguu ilikuwa imezama. Halafu nikahisi mguu wa kushoto umeshikwa. Kitu laini, kirefu, kimenizunguka kifundo na kinavuta.

"Kuna kitu kimenishika!"

"Kitu gani?"

"Sijui! Kinavuta!"

Mtu nyuma akapiga kelele, "Mamba!"

Kicheko kikakatika. Watu wakarudi nyuma hatua kumi. Mkuu wa mtaa, aliyeniahidi mbele ya mkutano kuwa nami katika kila hatua, alirudi ishirini.

Mama Gloria hakurudi. Alitua beseni la ndagala chini, akajifunga kitenge vizuri, akaingia. Mke wangu naye akaingia. (Kwanza alivua kandambili zake, akazipanga. Nimeona, na nitaliongelea.) Injenieri akatupa daftari kwa mkuu wa mtaa, akaingia na mabuti yake. Wanawake watatu wakanishika, huyu kwapa, huyu kwapa, huyu mkanda.

"Moja, mbili, vuta!"

Nikatoka kwa mlio ambao sitauandika hapa. Suruali ikafumuka mshono wa nyuma, wote. Mshono wangu mwenyewe, nimlaumu nani?

Mguuni nimefungwa na kitambaa. Kirefu, kimejisokota kama kamba, kinatokea chini ya barabara, kwenye lile bomba la saruji linalopitisha maji upande wa pili. Mama Gloria akakivuta. Kikaja. Akavuta tena, kikaja chekundu, kikaja cha kijani, likaja fundo la vipande, likaja gunia la unga limejaa vingine. Halafu ardhi ikaguna, "krrruuu," kama mtu aliyeshiba. Maji yakaanza kuzunguka. Yakazunguka, yakazunguka, yakazama kwenye bomba.

Dimbwi la miaka miwili likaisha kwa muda wa kumenya muhogo mmoja. Bata akabaki amekaa kwenye matope, ananiangalia mimi.

Ni vipande vya vitenge, ndugu zangu. Vya mkasi wangu. Huwa naweka gunia la vipande ukingoni mwa mtaro, kwa muda tu, nikisubiri mkokoteni wa taka. Mkokoteni unachelewa, mvua haichelewi.

Injenieri akaifungua barua kwa vidole vyenye matope, akasoma kwa sauti: "'Baadhi ya wakazi wasio na ustaarabu...'" Hakumaliza. Haikuhitajika.

Nikadhani aibu imefika mwisho. Bado! Mama Gloria aliinama, akaokota kipande kimoja, akakisuuza kwa maji yaliyobaki, akakitandaza kifuani. Cha njano, picha za tausi, kikubwa kama mto wa kulalia.

"Fundi. Hii si kitenge yangu ya Pasaka?"

"Inafanana, mama..."

"Si ulinambia kitambaa kimeisha? Ukanishonea mikono mifupi, nikasali Pasaka yote na baridi ku mikono!"

Nikiwa na matope masikioni, suruali wazi nyuma, mtaa mzima unasikiliza, ilibidi niseme kile ambacho hata mke wangu hakijui.

"Mama, kitambaa kilitosha. Mikono mirefu niliikata yote miwili ya kushoto. Nikaogopa kukuambia."

"Yampayinka! Mungu wangu!" akasema mke wangu, akaziba uso. Wanawake wengine wakashuka mtaroni kama soko limefunguliwa. "Na hii si ya kwangu?" "Angalia, hii ni ya arusi ya dada!"

Injenieri yeye alikuwa anafunga daftari. "Barua inasema shida ni maji," akasema. "Maji yamekwisha. Mimi naenda kuona mtaa wa nyuma."

Moyo wangu ukashuka kuliko miguu ilivyoshuka. Nikamfuata hivyo hivyo, nimeshikilia suruali kwa nyuma. Maneno ya kurasa tatu sikuwa nayo tena.

"Madamu. Kiuno nilidanganya. Taka ni zangu. Lakini yule mama wa kwenye kiti ni kweli tupu, muulize mutu yeyote hapa. Na mvua zikianza tutabeba mwingine. Shuka tu uone."

Akasimama. Akashuka. Sasa maji yalipokuwa yameondoka, ndipo na sisi wenyewe tukaona: bomba limevunjika vipande viwili, na udongo umeliwa chini ya barabara mpaka mbuzi angelala humo. Akaingiza fimbo yake ya kupimia. Ikaingia yote. Akaingiza na mkono wake, mpaka begani.

"Hii ndiyo mngeandika," akasema.

"Hatukuijua, madamu. Ilikuwa chini ya maji."

Akaandika muda mrefu. Barabara nzima hakuahidi, sitawadanganya, nimeacha leo. Alisema hilo bomba haliwezi kungoja, litaletwa jipya pamoja na changarawe ya hapo mbele ya duka, na mengine ataamua akishaona kwa wenzetu. Sharti moja: mtaro uwe safi siku zote, na awepo mtu wa kujibu. "Nani atasimamia mtaro?"

Sijawahi kuona mtaa wetu ukikubaliana haraka vile. Vidole vyote vikanielekea. Cha kwanza kilikuwa cha mke wangu.

Sasa hivi niko dukani, nimejifunga kitenge cha Mama Divine kiunoni kwa sababu suti inakauka. Muda mfupi uliopita Mama Gloria aliingia bila kubisha. Nikajua anakuja kunimaliza. Akaweka mezani bakuli la ndagala za kukaanga na ugali unaotoa moshi.

"Kula. Usikamatwe na kifua. Nani atatushonea?"

Nikanawa mikono, nikamega ugali. Akatoa kile kipande cha njano, amekifua, amekipiga pasi, akakilaza juu ya cherehani yangu.

"Halafu hii. Mikono mirefu. Na we, Fundi..."

"Naam, mama."

"Mumoja ukuwe wa kuume."

Basi ndugu zangu, naomba msinicheke. Na anayeshindwa kabisa kujizuia acheke leo amalize, kwa sababu Jumamosi saa mbili asubuhi nawataka nyote mtaroni na majembe, na msimamizi ni mimi.