Mashine ya Kukalia na Upande wa Hema

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mwanangu Gordon amepiga simu kutoka Nairobi. Anasema ukumbusho wa baba yake, Mzee Ondiek, ni Jumamosi hii, na boma letu halifyekeki tena kwa slasha. Ni kubwa mno, litatuaibisha. Anatununulia mashine ya kukata nyasi. Ile ya kukalia! Mtu anaketi juu, anashika usukani, nyasi zinalala zenyewe. Kuchagua ni kazi yetu, mimi na Mama Mkubwa. Pamoja, akasema. Akarudia: pamoja.

Mama Mkubwa ni Lornah, mke mwenzangu. Yeye ndiye Mikayi, wa kwanza. Mimi, Beldina, wa pili. Nyumba yake inatazama lango, yangu iko kando, na katikati ni nyasi tele zinazoteremka kuelekea ziwa. Mzee amelala kulia kwa nyumba ya Lornah. Hiyo ni mila, sibishani nayo. Lakini siku ya mazishi hata hema lilisimama kwake! Watu walimpa pole yeye, mimi wakanipita kama mpishi wa kukodi. Mimi niliyemwogesha yule mzee alipokuwa hawezi kuinuka!

Safari hii hema litasimama kwangu. Kamati ya ukumbusho inakuja Ijumaa kuchagua upande. Upande wenye nyasi nzuri ndio utakaochukuliwa.

Nimemwambia Gordon tumeshauriana na Lornah ameniachia mimi. Lornah hajui lolote. Yuko nje anaanika omena, wale dagaa wa ziwani.

Jumanne, 5 Agosti

Kisumu. Duka la mama mmoja anaitwa Mwihaki, mtu wa Nyeri, ana mdomo mwepesi. Mashine zimepangwa mlangoni kama mabibi harusi. Ndogo nyekundu, ya kati ya kijani, kubwa ya manjano.

Mwihaki akaanza maswali. Nyumbani kuna miti? Kuna mawe? Kuna mteremko? Nani ataendesha? Nikamwambia nimekuja kununua, sikuja kuposwa. Akacheka, akasema sawa cucu, lakini kwa boma lenye miti na makaburi nichukue ile ndogo, inakata kona vizuri. Cucu ni nyanya kwao. Sikumzaa mama yake.

Nikakaa kwenye ndogo. Magoti yakanifika kidevuni. Nikashuka.

Ya kati, kiti kigumu kama benchi la chifu.

Nikapanda kubwa. Ah! Niliona barabara yote mpaka stendi. Mwanamume mmoja akavua kofia. Mwihaki akasema hiyo ni ya uwanja wa mpira, inahitaji nafasi ya kugeuka. Nikamuuliza kama amewahi kuliona boma langu. Hajaliona. Basi anyamaze.

Nimechagua kubwa. Gordon aliguna kwenye simu, akauliza Mama Mkubwa anasemaje. Nikasema ameipenda rangi.

Alhamisi, 7 Agosti

Imefika! Dereva wa lori, Waswa, aliishusha kwa mbao nyuma ya jiko langu. Akanionyesha ufunguo, breki ya mguu, na chuma cha pembeni cha kushusha na kupandisha visu. Akasema nisishushe visu mpaka mwisho, udongo huu una vichuguu. Akataka kuanza tena kunieleza mambo ya breki. Nikamwambia aende, lori lake linaziba njia.

Niliifunika turubai. Lornah akaiona hata hivyo. Macho yake hayazeeki. Akaizunguka na fimbo yake, akaigonga gurudumu, akauliza ni trekta ya nani. Nikasema ni zawadi ya Gordon kwa boma. Akasema vizuri. Kisha akasema, polepole kama anayesoma Biblia, kwamba Mikayi ndiye anayetia jembe kwanza, ndiye anayetia mbegu kwanza, na chuma hiki nacho kitaanzia mlangoni kwake.

Nikasema nyasi hazikupandwa na mtu! Mila ya jembe inaingiaje kwenye petroli?

Akamwita Fabian, mdogo wa marehemu, mwenyekiti wa kamati. Fabian alikunywa chai yangu, akala mandazi yangu, kisha akaamua upande wa Lornah. Kesho asubuhi Lornah anakwenda kliniki Bondo kwa ajili ya presha. Akirudi atapanda kwanza, atafungua kwake. Halafu ndipo kwangu.

Akirudi! Na kamati itakuja saa ngapi? Watakuta kwake kumenyolewa na kwangu kichaka!

Ijumaa, 8 Agosti

Lornah aliondoka mapema kwa bodaboda. Kabla ya kupanda aliniita, akaniomba niwafukuze kuku, ameacha omena kwenye wavu mbele ya nyumba. Nikasema nenda salama, nyieka. Nyieka ni mke mwenza. Nilisema kwa sauti nzuri.

Vumbi lake halijatulia, turubai iko chini.

Nilishusha visu mpaka mwisho. Nilitaka nyasi fupi kama kichwa cha kuruti. Nikawasha. Ikanguruma, ng'ombe wa jirani wakakimbia. Nikanyoosha mgongo. Lau Mzee angeniona!

Nyuma yangu hakukuwa na nyasi. Nilipotazama, palikuwa na udongo mwekundu. Visu vilikuwa vinalima! Nikaendelea, nikidhani mbele kutakuwa kuzuri. Mbele kukawa kubaya zaidi. Nikafika kwenye tangi la maji, nikazungusha usukani, mashine haikugeuka kiasi cha kutosha. Nafasi haipo. Nikaponea chupuchupu, nikajikuta nateremka.

Breki nilionyeshwa. Lakini gauni lilikuwa limeifunika na mguu haukuiona. Nikavuta chuma cha pembeni kwa nguvu zangu zote. Visu vikapanda. Mashine haikusimama. Ikaenda moja kwa moja kwa Lornah, ikikata nyasi zake vizuri, sawasawa, kama zulia la kanisa! Nikapiga kelele kwa Bwana. Nikazunguka kaburi. Nikasema samahani Mzee. Nikazunguka tena. Kwa Lornah kuna nafasi ya kugeuka.

Kilichonisimamisha ni omena. Wavu wote ulijisokota kwenye visu, mashine ikakohoa, ikafa. Omena kwenye nywele zangu. Kuku hawakuhitaji kuitwa, walikuja wenyewe.

Kamati ikatokea na mimi bado niko juu.

Fabian akatazama kwangu: udongo mtupu, kama shamba linalongoja mahindi. Akatazama kwa Lornah. Akavua miwani. Akanisifu mbele ya watu wote! Eti nimemheshimu Mikayi, nimemfungulia kwake kwanza, na nguvu zangu zikaishia hapo. Hema litasimama kwa Lornah.

Lornah alifika wakati huohuo. Akaona wavu. Akaona alama za magurudumu zilikoanzia, mlangoni kwangu. Akanitazama. Nikangoja. Akasema tu kwamba nyieka amechoka, mpeni maji.

Huyu mwanamke ana hila.

Jumamosi, 9 Agosti

Ukumbusho umefanyika. Hema kwa Lornah. Watu wengi, samaki wa kutosha.

Kando ya kaburi kulikuwa na viti viwili. Aliyeviweka ni Lornah. Akanishika mkono mbele ya mchungaji, akanikalisha. Watu wakapita, wakatupa pole sote, mmoja mmoja, na mimi kwa jina langu. Mama Beldina, pole. Mama Beldina, pole. Nililia. Leso yangu ikalowa, akanipa yake.

Kiti chake kilikuwa na mto. Changu hakikuwa nao.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya kanisa Lornah alikuja barazani kwangu. Akaketi akitazama udongo wangu mwekundu. Akasema siku ya mazishi alikuwa peke yake na watu wote wale, akanitafuta kwa macho hakuniona, na hakutaka iwe hivyo tena. Kuhusu omena hakusema neno. Akasema tupande nyasi mpya hapa kwangu, sisi wawili, yeye atie shina la kwanza ili mambo yaende kwa utaratibu. Akirudi kutoka Awasi. Kesho anakwenda kwa binti yake.

Nikamkumbatia. Ni mtu mzuri. Nimeliandika hilo.

Alipotoka nikampigia Mwihaki. Nyasi za kupanda anazo? Anazo, zile za hoteli. Nimeagiza. Waswa analeta kesho.

Lornah akirudi nitamwambia zimejiotea.