Vita vya Bomba la Jikoni, Kama Vilivyoshuhudiwa na Mshika Tochi

Sogeeni karibu, enyi wenye masikio na subira, wakubwa kwa wadogo! Zimeni redio, ipueni sufuria, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi amalize, kwani habari niliyonayo si ya kusikilizwa nusunusu. Nawaletea habari za mume wangu, Simba wa Sebule, Mlinzi wa Rimoti, Bingwa wa Nitashughulikia Kesho, siku alipolikabili bomba la jikoni kwa mikono yake mwenyewe. Nami sikusimuliwa. Nilikuwapo, nimejikunja kando ya sinki, nimeshika tochi. Ewe tochi yangu, uliyemulika kila pembe ukaambiwa humuliki popote, nipe kauli nimsimulie shujaa kwa haki, nisimzidishie sifa wala nisimpunguzie sana.

Bomba lile lilikuwa dhalimu. Lilivuja mchana kutwa na usiku kucha, na ili linyamaze nilikuwa nikilifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, ambacho kukifungua kulitaka mikono miwili na meno. Kila nilipolalamika, shujaa aliinua kidole kutoka kwenye kochi akaitaja kesho. Fundi alipofika mlangoni na mkoba wake, alipokewa kwa hotuba.

"Ewe fundi, rudi kwa amani! Nyumba hii ina mwanamume. Hivi mimi niliyepanda juu ya paa nikafunga antena, nikashuka ningali hai, leo nimwachie mtu baki jiko langu?"

Fundi akanitazama mimi. "Haya mama, mkikwama mtaniita," akasema, akaenda zake.

Tukaendelea na mpira wa baiskeli, hata asubuhi moja mama mkwe akapiga simu kusema anakuja kula nasi chakula cha mchana. Akauliza, "Na lile bomba?" Mwanawe, bila hata kupepesa macho, akajibu, "Nilishalibadilisha kitambo, mama, kwa mkono wangu huu huu."

Ole wake! Kwa maana mama yule ndiye kiumbe pekee ambaye mume wangu hawezi kukutwa naye na uongo mdomoni. Mbele yake simba hunywea akawa paka. Basi ilimbidi bomba liwe limebadilishwa kitambo, kabla ya mchana. Nami nililitaka bomba hilo kuliko yeye, kwa sababu nilikuwa nimechoka na ule mpira, nimechoka kweli.

Akaenda dukani, akarudi na bomba jipya linalong'aa. Karatasi ya maelezo akaitupa kapuni, kwa kuwa mashujaa hawaelekezwi na vikaratasi. Kisha akashuka uani, mahali koki za kufungia maji za nyumba yetu ya ghorofa, kila familia na yake, zilipopangwa ukutani mstari mmoja. Yetu ni ile yenye kutu, na jambo hilo analijua kila aliyewahi kuifunga. Yeye alizipitia moja moja mfano wa jemadari akikagua askari, akaichagua iliyo nzuri kuliko zote, kwa hoja kwamba mtu kama yeye hawezi kuwa na koki mbovu. Akaifunga, akapanda ngazi kifua mbele.

"Umefunga ile ya kutu?" nikauliza.

"Mke wangu," akanena, "vita haviendeshwi kwa maswali. Mulika hapa!"

Nikamulika.

"Si hapo, hapa! Sasa unanimulika machoni!"

Akaikamata spana kwa mikono miwili, akaguna, na bomba la zamani likalia, likatikisika, likasalimu amri. Nyuma yake yakaja maji. Yalimpiga kifuani, yakairuka meza, yakailowesha kalenda ukutani, yakajaza kikapu cha vitunguu. Shujaa akaziba kwa kiganja, yakapenya vidoleni. Akavua shati akaziba kwa shati. "Koki!" akalia, na sauti ile haikuwa ya jemadari.

Papo hapo mlango ukagongwa. Alikuwa jirani wa juu, taulo kiunoni, povu mpaka kwenye nyusi.

"Nani kanifungia maji? Nina sabuni machoni, kazini nachelewa, halafu nyinyi huku maji mnamwaga tu!"

"Jirani mwema," mume wangu akanadi kutoka jikoni, "vitani hata raia huumia!"

"Vita gani? Funga maji yako, bwana!"

Nikashuka mbio, nikafunga yetu, nikafungua yake.

Ikabaki kufunga bomba jipya. Tepu nyeupe ya mafundi, ile ya kuzuia uvujaji, aliizungusha kinyume kwenye meno ya bomba, kwa hiyo kila alipolikaza bomba tepu ilijikunjakunja ikatoka yote. Akarudia, ikatoka tena. Simu ikalia: mama ameshashuka kwenye basi, anatembea. Hapo shujaa akakaa sakafuni, ndani ya maji, akaniangalia.

"Atajua," akasema. Hakuongeza hotuba.

Nikamhurumia. Nikampa tochi, nikaiokota ile karatasi kapuni, nikazungusha tepu kama ilivyochorwa. "Mulika hapa," nikamwambia. Akanimulika machoni. Nikalikaza bomba hivyo hivyo mpaka likakaribia kugoma.

"Basi," akasema akiinuka, "lete spana nimalizie." Akazungusha robo mzunguko, na robo hiyo ndiyo iliyoingia katika historia. Nami nikashuka uani kuifungua koki yetu.

Mama mkwe alipofika hakuketi. Nikamwamkia, akaniitikia huku akielekea jikoni. Akafungua bomba, maji yakaja. Akafunga, tukasikiliza sote watatu. Halikudondosha hata tone.

"Umelifunga wewe?"

"Kwa mkono huu, mama! Na vizazi vijavyo vitakapoosha vyombo hapa..."

"Naona hicho kitambo chenyewe bado hakijakauka," mama akasema, akiitazama kalenda.

Kisha akakiona kiwiko changu. Kipande cha tepu nyeupe kilikuwa kimening'ang'ania. Akakibandua taratibu, akakifumbata mkononi bila mwanawe kuona.

"Baba yake naye alitengeneza kila kitu katika nyumba ile," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nilimshikia taa mpaka mkono ukafa ganzi."

Basi na iandikwe, isomwe na wajao, kwamba siku ile, kabla ya chakula, bomba la jikoni lilifungwa likafungika, na mpira wa baiskeli ukapumzishwa kwa heshima. Jina la mshindi linajulikana, amelitangaza mwenyewe hadi ghorofa ya juu. Naye, akiwa bado hajavaa shati, akainua spana.

"Ushindi mmoja hautoshi!" akanguruma. "Bado la bafuni!"

Nikanyoosha mkono kuichukua tochi. Mama mkwe akaniwahi.

"Kaa, mwanangu," akasema, akikunja mikono ya gauni lake. "Leo namulika mimi. Tuone kama atanipigia kelele."